Kuandika si Kuhifadhi: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mifumo ya Faili

Sehemu hii inahakiki neno hifadhi linavyotumika katika programu za Kiswahili. Hoja ya mtafiti ni kwamba neno hilo huahidi zaidi ya kile ambacho mfumo umekwisha kutenda.

Programu inapoandika faili katika Linux, kwa kawaida wito wa write hurejea mara data inaponakiliwa kwenye kumbukumbu ya muda. Kurasa hizo huitwa chafu, kwa maana kwamba diski bado haina nakala zake. Kwa mipangilio ya kawaida zinaweza kukaa hivyo hata sekunde 30 kabla kiini cha mfumo endeshi hakijaanza kuzipeleka diskini. Umeme ukikatika, zimepotea. Kwa karani anayeingiza alama za wanafunzi Sumbawanga, mji uliotegemea kwa miaka mingi umeme wa kutoka Zambia na majenereta ya dizeli, sekunde hizo si nadharia.

Uhakika hupatikana kwa fsync. Kiini hupeleka kurasa chafu, husubiri zifike, huandika taarifa za faili, kisha huiamuru diski imwage akiba yake ya ndani. Faili ikiwa mpya, saraka yake nayo yapaswa kufanyiwa fsync, la sivyo data inaweza kubaki bila jina la kuifikia. Hatua hii ya saraka ni rahisi sana kusahaulika.

Mfano wa kihenge, unaomjia upesi msomaji wa Ufipa, unafaa kwa sehemu tu. Mahindi yaliyo uani hayajawa akiba, ni kweli. Lakini mkulima huliona gunia lililopasuka. Mwaka 2018 ilibainika miongoni mwa watengenezaji wa PostgreSQL kwamba, uandishi ukishindikana, Linux iliweza kuzitia kurasa alama ya kuwa safi. Fsync iliyorudiwa ikajibu kwamba mambo ni sawa, ilhali data haikufika. Mwaka 2019 walibadili programu: fsync ikishindwa, hifadhidata husimama na kujirejesha kutoka kwenye daftari lake la miamala.

Kwa hiyo mtafiti anapendekeza andika libaki kwa kumbukumbu ya muda, na hifadhi lianzie pale fsync inaporejea bila kosa. Inaweza kupingwa kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji tofauti hiyo. Kwa vitufe vya skrini pingamizi hilo lina uzito, maana programu iliyoundwa vyema huita fsync yenyewe. Kwa miongozo ya kufundishia halina, kwani mwanafunzi anayeisoma ndiye atakayeuandika, au kuusahau, wito huo.