Volti 2.495 za fundi wa Masisi

Kabla ya kugusa betri ya mteja, fundi wa redio wa Masisi-Centre huikagua kwanza multimeta yake. Chombo cha bei nafuu, betri yake ya ndani ikichoka, kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko iliyopo. Na kosa dogo linatosha kupotosha: betri ya sola ya volti 12, ile ya asidi, ikiwa imetulia husoma kama 12.7 ikijaa, na 12.2 ikiwa imebaki nusu.

Kipimo cha kuikagulia anakitoa kwenye pawa saplai za kompyuta zilizokufa. Anaifuata kila bodi taratibu upande wa volti ndogo mpaka kwenye kidude cheusi cha miguu mitatu, ungedhani transista: TL431, rejea inayoshikilia volti 2.495, iliyotolewa na Texas Instruments mwaka 1977. Anayeyusha risasi ya kulehemu mguu mmoja mmoja, na kila mguu anausubiri ulegee wenyewe. 

Kisha kioo cha kukuzia, asome herufi. TL431 tupu inaruhusiwa kukosea asilimia 2, yenye A asilimia 1, yenye B nusu tu. Anaweka kando mbili za kwanza, anabaki na B. Kwenye volti 20 multimeta yake hupanda kwa hatua ya 0.01, na kosa la B ni kama 0.012. LM399, rejea nyingine yenye kitanuri chake ndani, ni tulivu zaidi kwa mbali, ila multimeta hii isingeuona utulivu huo. Uamuzi huu wa kutosheka na B naustahi kuliko hata mkono wake wa kulehemu.

Anaunga mguu wa rejea na wa kathodi, anaweka rezista ya omu 1,000 na betri mpya ya volti 9: miliampia 6.5 hivi, nayo TL431 hutosheka na 1. Anaiacha mezani joto la vidole litoke. Multimeta inasoma 2.57. Anaibadilishia betri yake ya ndani: 2.52. Sasa bisibisi ndogo kwenye skrubu ya marekebisho; anageuza kidogo mno, anangoja, anageuza tena, mpaka namba icheze kati ya 2.49 na 2.50.

Ndipo anaiwekea nyaya betri ya mteja. 12.2.

“Mama, betri imebaki nusu. Huenda panele yako haiijazi.”

Akipata pesa ataagiza rejea nyingine, AD584, kutoka Goma. Hiyo hutoa hadi volti 10, jirani zaidi na betri anazopima kila siku.