Rangi ya Zimwi: Pambo au Hukumu?

Makala haya yanahakiki kazi ambayo wengi wetu hatujazoea kuiita sanaa: kupaka rangi visanamu vya mazimwi wa mchezo wa HeroQuest. Mchezo huu wa ubaoni ulitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Milton Bradley ikishirikiana na Games Workshop ya Uingereza. Wachezaji wanne wanakuwa mashujaa wanaopita vyumba vya chini ya ardhi; wa tano anawaongoza mazimwi. Visanamu vinatoka kiwandani vikiwa plastiki tupu, na mwenye navyo ndiye anayeshika burashi. Swali letu ni hili: anapochagua rangi, anapamba tu au anahukumu?

Tuanze na fani. Mashujaa wote walitolewa kwa plastiki nyekundu. Maorki, magoblini na Fimir, lile jitu la jicho moja, ni kijani. Wafu, yaani mifupa inayotembea, zombi na maiti za sanda, ni weupe. Wapiganaji wa Chaos na mchawi wao ni kijivu. Mpango huu una busara yake. Ubao una miraba 26 kwa 19, na aliyekaa upande wa pili wa meza hawezi kuchungulia uso wa kisanamu kilicho kama kidole gumba. Rangi inamwambia mara moja: hawa wafu, hawa maorki. Anayepaka kila kimoja kwa madoido yake atasikia wachezaji wakiulizana, "Hivi huyu ni nani tena?"

Lakini fani haitengani na maudhui, tunaambiwa kila siku darasani. Hebu tutazame dadu ya vita. Ina pande sita: mafuvu matatu, ngao nyeupe mbili, ngao nyeusi moja. Shujaa hujikinga kwa ngao nyeupe, zimwi kwa ile nyeusi. Basi kwa kila dadu shujaa ana nafasi mbili kati ya sita, zimwi moja tu. Orki hurusha dadu mbili kujikinga, na jeraha moja linammaliza. Hapo nyeusi na nyeupe si mapambo tena. Ni sheria ya nani aishi.

Wapo wanaosema kijani hakina kosa, maana hakuna taifa la watu wa kijani. Hoja hii ina uzito. Wengine, eti kwa kutafuta uhalisia, wanawapaka maorki ngozi ya kahawia, kwa kuwa Tolkien, ambaye maorki wa michezo hii wametokana naye, aliwaeleza baadhi yao kuwa weusi. Hapa ndipo penye hatari. Kahawia hiyo imetolewa kwenye ngozi za watu, ikavishwa kiumbe anayeuawa bila kuulizwa jina. Katika Dungeons & Dragons, viumbe waitwao drow, walioingia mwaka 1978, walisawiriwa weusi na waovu kwa pamoja. Mwaka 2020 wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walikiri hadharani kwamba usawiri wa maorki na drow ulikumbusha jinsi watu wa makabila halisi walivyodhalilishwa.

"Mchezo ni mchezo tu, bwana," mwenzangu atasema. Sawa. Lakini ngano za bibi zetu nazo ni ngano tu, na bado tunazihakiki. Tena wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata zimwi lilikuwa na kujuana na mtu. Orki wa HeroQuest hajuani na yeyote.

Tunapendekeza hivi. Alama ya kundi ikae kwenye ukingo wa kitako: kijani, nyeupe au kijivu, wachezaji wasipotee. Ngozi iachwe huru: kijani cha kuelekea manjano kwa huyu, cha kuelekea samawati kwa yule. Rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji ijaze mikunjo ya uso, kisha burashi kavu yenye rangi nyepesi iguse paji na vifundo vya vidole; hapo sura inajitokeza. Mpiganaji wa Chaos apewe kutu na shaba kuukuu, uovu wake uonekane kwenye chuma, si kwenye ngozi. Mifupa nayo isiwe nyeupe pe; iliyolala udongoni huchukua manjano.

Kasoro ya pendekezo hili iko wazi: dadu inabaki ileile, na orki atakufa vilevile. Ila anayemuua atalazimika kumtazama usoni kwanza. Wasomaji wenye rai tofauti watuandikie.