Springi ya Pili: Kabureta Iliyokwama Mbwara Wakati wa Kipupwe

Uamuzi wa kufunga springi ya pili kwenye mkono wa kabureta ya Land Cruiser FJ45 kuukuu, gari la mizigo ambalo mafuta yake yalikuwa yakikwama kila alfajiri ya kipupwe huko Mbwara, Rufiji, ulikuwa wa makosa, na usafi wa kazi nyingine zilizofanywa asubuhi hiyo hauwezi kuuhalalisha. Chujio la petroli lilibadilishwa, platini zikapimwa, plagi zikasafishwa. Kazi hizo hazina dosari.

Kukwama kwa mafuta ni hali ambayo dereva huinua mguu kutoka kwenye pedeli lakini injini ikaendelea kunguruma, kwa sababu kipepeo, yaani bamba la mviringo linalofungua na kufunga njia ya hewa chini ya kabureta, hakikurudi mahali pake. Kazi ya kukirudisha hufanywa na springi ya kurudishia, na hapo ndipo mtego ulipo: kwa kuwa springi ndiyo inayoonekana kushindwa, mtazamaji mwenye haraka huihukumu yenyewe, ilhali mara nyingi springi ni nzima na kosa liko kwenye kitu kinachoishinda.

Walioitazama kazi ile watakumbuka kwamba mkono wa kabureta ulivutwa, ukagoma, kisha ukaachia, na papo hapo ikaagizwa springi ngumu zaidi. Fimbo zilikuwa bado zimeunganishwa. Gari la aina hii, tofauti na mengi yaliyolifuata, halitumii kebo kutoka kwenye pedeli bali fimbo kadhaa zilizounganishwa kwa vifundo vya duara, na kila kifundo kinaweza kukauka grisi, kuingia tope au kushika kutu. Kwa hiyo mkono unapogoma hali fimbo zimefungwa, fundi hana namna ya kujua kama kinachogoma ni kabureta au ni njia ndefu inayoifikia. Ilitosha kuichomoa fimbo ya mwisho na kukizungusha kipepeo kwa kidole. Kikizunguka bila kizuizi, kabureta haina hatia na msako unahamia kwenye fimbo. Kikigoma, hutazamwa choki, ambayo isiporudi hadi mwisho hukiacha kipepeo kimeinuliwa kidogo na kamu yake, kisha shafti, bushi zake na utomvu unaoachwa na petroli iliyolala. Jaribio hilo halihitaji kununua chochote, na halikufanywa.

Uwezekano mwingine, ambao haukutajwa hata kwa mdomo, ni barafu. Wapo watakaocheka kusikia barafu ikitajwa Rufiji, lakini baridi inayohusika hapa ni ile inayotengenezwa na kabureta yenyewe. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta huenda kasi na shinikizo lake hushuka, na petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwa hewa hiyo na kwa chuma kinachoizunguka, kiasi kwamba joto laweza kuporomoka kwa zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi. Vitabu vya mafunzo ya marubani, watu ambao injini zao huzimika angani kwa kosa hili, huonya kwamba hatari ni kubwa zaidi pale hewa ya nje ikiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80. Alfajiri ya Julai katika bonde la Rufiji, umande ukiwa bado haujakauka majanini, haiko mbali na hali hiyo. Barafu huanzia ukingoni mwa kipepeo, hasa kikiwa kimefunguliwa kidogo tu, na hukishika.

Ubaya wa barafu ni kwamba ushahidi wake huyeyuka. Injini ikizimwa, joto la manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa na kutoa moshi, hupanda hadi kwenye kabureta, na baada ya dakika kumi au kumi na tano kipepeo huwa huru bila kuguswa na mtu. Muda huohuo ndio uliotumika kutafuta springi, kukunja ndoano yake na kuifunga. Injini ilipowashwa tena na mafuta yakarudi vizuri, sifa ikaenda kwa springi, ilhali haikuthibitishwa kwamba haikustahili kwenda kwa muda wa kusubiri.

Ni kweli kwamba magari mengi hutoka kiwandani na springi mbili za kurudishia, lakini ile ya pili huwekwa ili ya kwanza ikikatika kipepeo kisibaki kimefunguka, wala haikukusudiwa kushinda mkwamo. Springi ngumu iliyovutwa upande mmoja huzila bushi za shafti upande huo, bushi zikilika hewa huvujia pembeni, mchanganyiko hupungukiwa petroli, na sailensa, yaani mzunguko wa injini isiyokanyagwa mafuta, huanza kuyumba.

Hapa inafaa kurudi kwenye barafu, na kwenye neno ambalo safu hii imelisema hadi kuchosha. Injini ya 2F, iliyo kwenye gari hili, ina kilango cha joto kwenye manifoldi ya moshi, chenye uzito na springi ya koili inayohisi joto, ambacho injini ikiwa baridi huelekeza moshi wa moto chini ya manifoldi ya hewa ili petroli ipate joto. Mafundi wa pwani wamekigeuza adui: kikishika kutu hukatwa au huchomelewa, kwa hoja kwamba ni kitu cha Ulaya na huku hakuna theluji. Hoja hiyo huchanganya theluji na unyevu.

Tufikirie mfano wa fundi mwingine. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, mzaliwa wa Kericho, mji wa chai na baridi, na ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa malezi hayo angefunga springi kabla ya kuchomoa fimbo. Na asiseme mtu kwamba kiraka chochote ni aibu: mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling wa Uingereza alizuia injini za Merlin za ndege za kivita kuzimika zilipoinamishwa ghafla, kwa kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Kilikuwa kiraka pia, ila tundu lake lilikokotolewa baada ya kujulikana kwamba petroli ilikuwa ikifurika kwenye kabureta.

Springi ya Mbwara na itolewe. Fimbo zipakwe grisi kifundo kwa kifundo, choki ifuatiliwe hadi mwisho, kisha kilango cha joto kitiwe mafuta ya kulainisha kutu manifoldi ikiwa baridi na kizungushwe kwa mkono hadi uzito wake uanguke wenyewe. Na mafuta yakikwama tena alfajiri, gari lisimamishwe, lizimwe, na kifuniko cha injini kifunguliwe papo hapo, kabla joto la manifoldi halijapanda.