Uchachu Ndio Uti wa Mgongo: Divai ya Mapovu ya Sussex Mezani

Divai ya mapovu ya kusini mwa Uingereza haikosi kupimwa kwa kipimo cha shampeni ya Ufaransa. Kipimo hicho hutuambia inafanana na nani, kisha kinanyamaza. Tukitaka kujua imejengwaje, tuanzie kwenye uchachu, maana ndio unaobeba mengine yote.

Kwenye latitudo ya nyuzi 51 hivi, zabibu hukawia kuiva. Oktoba huzikuta zina sukari ya wastani na asidi tele. Kwa divai nyekundu nzito hiyo ni kasoro. Kwa divai ya mapovu ni mtaji, kwa kuwa uchachushaji wa pili ndani ya chupa huongeza kileo, hivyo divai ya kuanzia hutakiwa iwe nyepesi na kali. Stuart na Sandy Moss, Wamarekani waliopanda zabibu za Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier huko Nyetimber, West Sussex, mwaka 1988, walijenga juu ya hoja hiyo wakati wakulima wengi wa Uingereza wangali wakitegemea aina za Kijerumani zinazowahi kuiva.

Hata hivyo, uchachu ukiachwa peke yake huchosha. Wa kwanza kuujibu ni mashapo ya hamira: divai ikikaa nayo miaka kadhaa chupani hupata harufu ya mkate na unono unaolainisha makali. Kisha huja sukari inayotiwa kabla ya kizibo cha mwisho, isiyofika gramu 12 kwa lita katika brut, yaani divai ya mapovu iliyo kavu. Hapo ndipo mtengenezaji hujulikana. Wapo wanaojivunia kutoitia kabisa. Mwaka wa jua huwapa haki. Mwaka wa baridi na mvua huwaumbua, kwani ladha hukatika ghafla, ukabaki ukali usio na mwili.

Mezani, divai hii hung'aa na samaki na chipsi. Mafuta ya ganda la unga hutanda ulimini. Uchachu na mapovu huyakata, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya changu wa kukaanga, na chumvi nayo huupoza uchachu wenyewe. Siki inayonyunyiziwa chipsi ndiyo huharibu. Chakula kikiizidi divai kwa uchachu, divai hupooza. Chaza wa pwani ya Whitstable nao wamekuja na chumvi yao ya bahari, hawadai kitu.

Pabaya zaidi ni harusini, brut inapomiminwa sambamba na keki. Utamu wa keki huufuta utamu mdogo uliomo kwenye glasi, na mgeni huondoka akisema divai ya Waingereza ni kali. Amepewa divai nzuri kwa wakati mbaya. Brut ianze na vitafunio vya chumvi. Keki ikifika, ifunguliwe demi-sec, iliyo tamu zaidi.