Pete Mbili za Chucky

Katika Child's Play ya mwaka 1988, taharuki ilitegemea siri: mtoto anajua mwanasesere wake, Chucky, yu hai, watu wazima hawamsadiki. Kufikia Bride of Chucky (1998), filamu ya nne katika mfululizo huo, hakuna siri iliyobaki. Mwandishi Don Mancini na mwongozaji Ronny Yu wanaacha kuwafuata wanaowindwa na kuwafuata wauaji wenyewe, na hadithi ya kutisha inavaa fani ya vichekesho vya ndoa.

Pete ndiyo inayoshikilia msuko. Kwa miaka mingi Tiffany (Jennifer Tilly), mpenzi wa zamani wa Chucky, ameitunza pete aliyoachiwa naye, akiamini ni ya uchumba. Chucky anamcheka: ni mali ya mwanamke aliyemuua. Kejeli hiyo inazaa ugomvi, na ugomvi unaishia bafuni, Chucky anaposukuma televisheni ndani ya beseni alimo Tiffany, kisha anaihamishia roho ya Tiffany kwenye mwanasesere mwingine. Televisheni hiyo ilikuwa ikionyesha Bride of Frankenstein ya 1935. Filamu inayokopwa inatangaza tukio lijalo.

Baadaye, hotelini, Tiffany anarusha chupa kwenye kioo cha dari, vipande vinawaua wezi wawili kitandani. Chucky anaona amepata wa kufanana naye. Anamposa papo hapo, kwa pete iliyo bado kwenye kidole cha maiti. Pete zote mbili zimetoka kwa marehemu. Kilichobadilika ni nia ya anayetoa. Tunacheka kwa sababu posa ni ya dhati, na tunashtuka kwa sababu hiyo hiyo.

Kinaya kikubwa kimo ndani ya gari linalowasafirisha wanasesere hao. Jesse na Jade, wapenzi wanaotoroka, kila mmoja anamshuku mwenzake kwa mauaji yanayofanywa na wanasesere waliowabeba. Wapenzi wa nyama na damu wanapoteza imani baina yao huku wale wa plastiki wakishibana. Muundo huo ni imara, lakini wahusika wake ni wembamba: Jesse na Jade hawana ucheshi wala undani wa kushindana na Tiffany. Pia kinyago cha Jason na glavu ya Freddy, wauaji wa filamu nyingine za kutisha, mwanzoni ni salamu kwa mashabiki tu. Ukiviondoa, msuko hautikisiki.

Anayetaka hofu airudie filamu ya 1988. Kama mfano wa kicheko kinachochipuka kwenye msuko badala ya kubandikwa juu yake, Bride of Chucky ndiyo bora kuliko zote zilizoitangulia katika mfululizo huu.