Udongo au Ulezi? Kuisoma Picha ya Muungano

Husemwa darasani kwamba picha mashuhuri hujieleza yenyewe, haihitaji mkalimani. Nami niliwahi kuiandika kauli hiyo kwenye mtihani, na alama nikapata. Leo naipinga.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ruanda, kwenye barabara ya kwenda Tunduma. Nikamwonyesha bibi ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964. Ilikuwa katika kitabu cha historia cha mdogo wangu. Maelezo ya chini nikayafunika kwa kidole. Bibi hakuhangaika. "Mwalimu huyu. Anamimina ulezi. Kuna pombe hapo?" Nilipomwambia ni udongo, akacheka sana. "Udongo wa nini tena, mjukuu wangu?"

Sasa nani kakosea? Mimi naona bibi kaisoma fani barabara: chombo kimeinamishwa, kitu kinamiminika, watu wanatazama. Tendo hilo mkulima yeyote wa Mbozi analijua kwa mikono yake, na ndiyo maana picha inashika. Lakini maudhui hayamo. Muungano tuliusoma pembeni, katika maandishi na hotuba, ukarudiwa kila Aprili mpaka jicho likazoea kuona nchi mbili palipo na vumbi tu. (Na Karume, aliyetia saini kwa upande wa pili, siye anayemimina. Hilo nalo tumelizoea.)

Wenzangu watanijibu kwamba hiyo ni picha ya kitaifa, tuangalie za dunia. Haya, tuitazame ya Kevin Carter, aliyoipiga Ayod, Sudan ya wakati ule, Machi 1993: mtoto kajikunyata chini kwa njaa, tumbusi kasimama nyuma yake. Gazeti la The New York Times lilipoichapa, wasomaji wakapiga simu na kuandika barua: mtoto alipona? Hiyo ndiyo picha iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Ingekuwa inajieleza, maswali yale yangetoka wapi? Umaarufu wake ulikua humo humo, katika jambo ambalo picha haikulisema.

Tena huko jina la mpiga picha lilienea dunia nzima, mtoto akabaki "mtoto" tu. Kwetu mambo ni kinyume. Anayemimina tunamjua sote. Mpiga picha, katika kitabu cha mdogo wangu, hakutajwa.