"Mateso" na "Utesaji": Upungufu katika Istilahi za Sheria

Tangu mwaka 1984, Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa. Katazo lenyewe hatuligombi. Tunalogomba ni umbo la neno. "Kuteswa" ni kauli ya kutendwa: humwonyesha aumiaye na kumficha aumizaye. Nalo neno "mateso" halimdai mtendaji, kwani twasema pia mateso ya njaa na mateso ya homa.

Upungufu huu si wa sarufi tu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi walipigwa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 mawaziri Ali Hassan Mwinyi na Peter Siyovelwa walijiuzulu. Walijiuzulu pia wakuu wa mikoa hiyo. Yule wa Mwanza, Peter Kisumo, alikuwa mwenyeji wa Usangi, katika milima hii ya Upare tuionayo kutoka Kileo. Kujiuzulu kwao kulikiri jambo ambalo istilahi zetu hulikwepa: kwamba kitendo kina mwenyewe.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hudai kwamba mtu akirie kosa mbele ya polisi awe amekiri kwa hiari. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 humwadhibu yeyote amtiaye mwenzake madhara makubwa. Ya kwanza huchunguza maneno, ya pili huchunguza jeraha. Wala hakuna kati yake inayolipa jina tendo la mtumishi wa dola kumwumiza mtu ili apate maneno.

Kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, wafasiri hawana budi kuziba pengo hili. Tunapendekeza "utesaji" liwe jina la tendo, kwa kuwa nyuma yake yupo mtesaji, na "mateso" libaki kwa maumivu yenyewe. Tunapendekeza pia "kukiri kosa" badala ya "kuungama". Kuungama ni neno la ibada, lenye toba ndani yake. Na aliyevunjwa mkono hakutubu, ameshindwa tu kuvumilia. Na kipigo kisiitwe "mahojiano" katika hati yoyote ya serikali.

Istilahi haimzuii mtu kuinua rungu. Lakini hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa ambalo sheria haijalipa jina.